Dirisha Nililolikata Upande wa Njia

Vijana wangu, dirisha la kwanza nililolikata kwa mkono wangu mwenyewe lilikaribia kumrudisha mke wa mdogo wangu kwa mama yake. Naanza na hilo kwa makusudi. Mkipita hapa mnaniona nimekaa kibarazani na kikombe changu, mnaambiana, "Huyo ndiye mzee aliyepamba nyumba za watu tangu wakati wa Mjerumani," nanyi mnadhani nilizaliwa nikijua. Sikuzaliwa nikijua. Nilijua kwa kuharibu, na nyumba nyingi nilizoharibu zilikuwa za ndugu zangu, kwa sababu mtu baki hakupi nafasi ya kuharibu mara mbili.

Kazi yangu haikuwa kujenga. Huku Kyela kila mwanamume wa zamani alijua kujenga: kukata mianzi, kuisimamisha, kuifunga kwa kamba za migomba, kuezeka. Wanawake walikandika udongo na kusiriba sakafu. Mimi nilikuja baada ya wote hao, nyumba ikiwa imeshasimama na watu wamo ndani, nikaulizwa, "Ambakisye, tufanye nini ipendeze?" Basi nikaangalia. Mara nyingi nyumba ilikuwa imebakiza kitu kidogo tu.

Niwape mfano mmoja, mwende nao leo hii. Huku kwetu mvua haina adabu. Ikipiga chini inarusha matope ukutani mpaka kimo cha goti, na ukuta ulioupaka udongo mweupe jana, leo unafanana na mtoto aliyetoka kucheza shambani. Watu walikuwa wakipaka tena na tena. Mimi nikachukua masizi ya chungu, nikayachanganya na udongo mweusi wa bondeni na utomvu wa mgomba ili yashike, nikapaka mkanda mweusi chini ya ukuta kuzunguka nyumba nzima, upana wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Basi. Matope yakiruka yanaangukia kwenye weusi, hayaonekani. Halafu mkanda kama huo, mwembamba zaidi, kuzunguka mlango. Nyumba ile ile, na watu wakadhani imejengwa upya. Lakini upige mstari kwanza kwa kamba iliyokazwa. Mkanda uliopinda ni bora usiupake kabisa.

Ujanja wa mkanda niliuona kwa wanawake wa kwetu, sikuubuni. Nilichoongeza mimi ni kamba. Kamba niliipata misheni.

Nilisoma shule ya misheni iliyokuwa ufukweni mwa ziwa, nikaendelea mpaka darasa la juu kabisa walilokuwa nalo. Nilipomaliza wakaniweka chini ya fundi Mzungu aliyekuwa akijenga nyumba ya walimu. Tulimwita Bwana Fundi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa ya kukemea. Alinifundisha timazi, ile kamba yenye uzito inayokuambia kama ukuta umesimama wima. Alinifundisha kupaka chokaa kwa brashi, kutoka juu kwenda chini, bila kurudi nyuma. Na akanionyesha dirisha. Siku ya kwanza nilipoliona limekatwa, jua likaingia likalala sakafuni kama ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa, nikasimama pale mpaka akanirushia kipande cha udongo kuniamsha.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa mwanamke wa ufukweni, mfinyanzi wa Lyulilo. Tulimwita Bibi Mkisi kwa kuwa alikuwa Mkisi, kabila la wafinyanzi wa ziwani, na hakupenda jina lake litajwe na watoto wa bara. Nilikwenda kwake kuuliza udongo mweupe unapatikana wapi. Akaniuliza, "Unajua kuuonja?" Nikadhani ananitania. Akachukua donge akauma, akanipa na mimi.

"Ukisikia mchanga kwenye meno, utapasuka," akasema. "Ukisikia laini kama ugali wa jana, utapasuka vilevile. Unataka ule unaokwaruza kidogo, kama ulimi wa ndama."

Mpaka leo sina kipimo kingine. Nimeonja udongo kutoka Matema mpaka karibu na Mwaya, na mke wangu alipenda kuwaambia wageni kwamba mume wake hashibi nyumbani.

Kwa Bibi Mkisi huyo ndipo nilipopata aibu yangu ya kwanza, nayo ilikuwa ya kuchekesha kuliko kuumiza. Nilimpakia ukuta wa mbele kwa udongo mweupe kama malipo ya mafunzo. Nikaumaliza, umelowa bado, unang'aa. Nikarudi nyuma kuutazama. Ziwani kukaonekana kitu kama moshi mrefu unasimama juu ya maji na kutembea kuja kwetu. Mimi mtu wa mashamba ya bara sikujali. Ni wale wadudu wadogo wa ziwa, wanaokuja mabilioni kwa mabilioni. Walipofika ufukweni wakaona ukuta mweupe, wakaupenda kuliko nilivyoupenda mimi. Kwa muda wa kusema sala fupi ukuta wangu ukawa mweusi na unatikisika.

Nikashika kichwa. Wanawake wa Lyulilo wakashika vikapu. Wadudu wale wanaliwa, wanafinyangwa kama maandazi na kukaushwa, na siku nyingine watu hukimbia huku na huko wakipunga vikapu kuwakamata. Siku ile hawakukimbia. Walikuja ukutani wakakomba kwa viganja, wakicheka mpaka wengine wakaketi chini.

"Fundi!" mmoja akaniita. "Kesho paka tena, na upande wa kwangu!"

"Watakuwa na udongo kidogo," Bibi Mkisi akasema, akionja, "lakini ni udongo mzuri. Ameuonja mwenyewe."

Basi kumbukeni: mtu wa ufukweni ndiye anayejua siku ya kupaka ufukweni. Uliza kwanza. Nilisema nitakumbuka, nikarudi nyumbani, nikasahau.

Sasa nije kwenye dirisha.

Mdogo wangu Gwakisa alikuwa anaoa. Binti aliitwa Tumpe, kutoka upande wa Ipinda, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshakwenda. Kama desturi yetu ilivyokuwa, vijana hatukukaa kijiji kimoja na baba zetu. Tulikuwa na kijiji chetu cha rika letu, mwendo mfupi kutoka kwa wazee. Gwakisa alijenga nyumba yake jirani na yangu, nami nikamwambia, "Mapambo niachie mimi. Hii itakuwa zawadi yangu."

Niwaeleze desturi ya mkwe kwa kuwa wengine wenu mmekulia mjini. Mwanamke aliyeolewa na baba wa mume wake hawakuonana. Sisemi hawakuzoeana, nasema hawakuonana kabisa. Akimwona anakuja njiani, mwanamke aliingia porini akainama na kujifunika nguo mpaka mzee apite. Jina la mzee hakulitamka. Haikuwa chuki wala hofu ya kupigwa, ilikuwa heshima, na wote wawili walishirikiana kuilinda. Baba yetu, Taata, alikuwa na ng'ombe waliolala kwangu, na kila asubuhi alikuja kuwaangalia. Njia yake ilipita katikati ya nyumba zetu. Basi alikuwa na kikohozi. Hakuwa mgonjwa, kilikuwa kikohozi cha kazi. Tangu mbali kwenye migomba ungesikia, "Kho! Kho-ho!" na wake zetu wote wakaingia ndani, Taata akapita, akasimama na ng'ombe wake, akaongea nao, akakohoa tena kurudi. Ilikwenda vizuri miaka yote kwa sababu moja: nyumba zetu hazikuwa na madirisha.

Hiyo sababu hata mtoto angeiona, lakini mimi nilikuwa nimesoma.

Nilisiriba ukuta wa Gwakisa ndani na nje. Nikaweka mkanda mweusi, juu yake mstari mwekundu. Halafu nikapima upande wa mbele, ule unaotazama njia, maana upande huo ndio watu wangeuona, nikakata mianzi, nikafanya tobo la mraba kimo cha kifua, nikaliwekea fremu ya mbao kama nilivyofundishwa. Timazi ilikubali. Lilikuwa dirisha zuri, nalisema mpaka leo.

Mke wangu Sekela alikuja na mtungi kichwani, akasimama.

"Baba, hilo tobo linatazama wapi?"

"Linatazama mbele," nikasema. "Linatazama maendeleo."

"Maendeleo ndiyo hupita hapo kila asubuhi anakohoa?"

Nikacheka. Nikamwambia mambo hayo ni ya zamani, yatakwisha yenyewe, na kwamba mwanamke ambaye mumewe alimpakia nyumba nyeupe ndani huku jiko liko katikati asinifundishe kazi. Hilo la mwisho lilikuwa kosa langu, si lake. Ni kweli nilipaka ndani kwetu kwa chokaa, na wiki mbili baadaye moshi uliugeuza ukuta ukawa rangi ya samaki wa kukaushwa. Sekela akageuka na mtungi wake kichwani, akaondoka bila kumwaga tone.

Tumpe akaletwa kwa nyimbo na vigelegele. Alikuwa mrefu, mcheshi, na meno yake yalikuwa na mwanya mbele. Alizunguka nyumba, akaweka kiganja ukutani, akakinusa, akaniambia, "Ndaga fijo, shemeji, asante sana. Sasa sijui nimeolewa na Gwakisa au na nyumba." Watu wakacheka. Nilivimba kichwa siku ile.

Asubuhi ya tatu tukasikia, "Kho! Kho-ho!" Tumpe alikuwa nje anaosha chungu. Akafanya kama alivyofunzwa na mama yake: akaingia ndani haraka, akafunga mlango, akasimama kungoja. Alisimama mbele ya dirisha langu. Taata naye alikuwa hajawahi kuona ukuta wenye tobo, na macho yanakwenda kwenye kitu kigeni kabla mwenyewe hujayaruhusu. Wakatazamana, uso kwa uso, kwenye fremu iliyonyooka vizuri kabisa.

Chungu kilianguka. Taata, mzee mwenye heshima zake, akajifunika shuka kichwa chote na kuendelea kutembea, akaingia moja kwa moja kwenye shina la mgomba. Nilimwona mwenyewe. Akaomba radhi kwa mgomba, akageuka, akarudi kwao bila kuona ng'ombe.

Wazee walikaa wakasema ni ajali, imekwisha, isirudiwe. Wengine tulicheka kidogo nyuma ya nyumba. Lakini siku chache baadaye Sekela akaniambia:

"Mke wa Gwakisa anatambaa."

"Anatambaa vipi?"

"Kwa mikono na magoti. Kutoka jikoni mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Chini ya dirisha lako. Anasema hajui ni nani atakuwa njiani, maana baba zenu wadogo nao ni wakwe zake. Nyumba umeipamba vizuri, baba. Mwenyewe anatembea ndani yake kama ndama."

Upande wa pili Taata hakuja tena. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, pembe moja imeinama, aliyempenda kuliko wote. Sasa akawa anatuma watu wamuulizie kama mtu anavyomuulizia mgonjwa. Amekula? Amelala upande gani? Mama alisema mzee anakaa uani anakohoa bila kwenda popote.

Nilikuwa na nafasi ya kuziba tobo lile siku hiyo hiyo. Udongo ulikuwepo, mikono ilikuwepo. Kilichonizuia nitakisema wazi. Sifa za dirisha zilikuwa zimefika mbali. Watu walikuja kuona nyumba yenye jicho. Halafu chifu wetu, malafyale, akatuma salamu kwamba mwezi ukiandama atapita kuiona, na kama itampendeza ataniita nipambe nyumba zake. Nilishajiona nimesimama uani kwa chifu na kamba yangu. Nikawa nasema, "Aje kwanza chifu, halafu nitaziba."

Gwakisa akaja kwangu, hakukaa.

"Kaka, kuna mkungu wa ndizi umening'inia ndani kwangu. Tumpe anasema atangoja mpaka uive. Ukiiva na tobo bado lipo, anakwenda kwa mama yake."

"Anatania."

"Amefunga mzigo wake. Ameuweka chini ya mkungu."

Basi nikaanza kutafuta dawa isiyogusa dirisha. Kwanza niliweka mkeka. Mkeka ukaifanya nyumba giza kuliko nyumba isiyo na dirisha, na kila anayepita aliuinua kuchungulia kwa kuwa sifa zilishamfikia. Pili nikasema tuihamishe njia izunguke nyuma. Jirani mwenye majimbi huko nyuma akasimama na jembe lake akaniuliza kama nitamlisha miguu ya ng'ombe hao wakishamkanyagia majimbi yake. Tatu nikasuka kibao cha mianzi cha kufunga na kufungua, kazi ya siku tatu, kazi safi. Upepo wa ziwa ukakifungua adhuhuri, pwaa, na nani alikuwa njiani? Baba Mdogo. Huyu hakugonga mgomba. Alikaa chini palepale njiani, shuka kichwani, akaita kwa sauti aongozwe na mtu.

Ndizi zikaanza kuwa na manjano upande mmoja. Nalijua hilo kwa kuwa kila siku nilichungulia kwa dirisha lile lile kuziangalia. Fikirini hilo, mnielewe nilikuwa mtu wa namna gani.

"Wewe unataka kuolewa na chifu," Gwakisa akanifokea siku hiyo, "lakini mimi nimeoa mke!" Ni mdogo wangu, hajawahi kunipandishia sauti. Hatukusemezana jioni nzima, na nyumba zetu zilikuwa hatua kumi tu.

Kesho yake ilikuwa siku moja kabla ya chifu. Gwakisa alikuwa shambani. Nikachukua udongo mweupe na brashi yangu ya misheni kwenda kugusagusa ukuta wa mbele. Nilipokaribia nikasikia, tap. Kimya. Tap. Nikafika mbele ya dirisha nikakuta nusu yake ya chini imeshajaa madonge ya udongo, yamepangwa kama mayai kwenye kiota, na mkono wa Tumpe unaongeza jingine.

"Tumpe! Unafanya nini?"

"Nakandika. Shemeji, usisimame kwenye mwanga, sioni."

Nikasogea. Sijui kwa nini nilisogea, lakini nilisogea.

"Kesho chifu anakuja," nikasema.

"Aje. Mlango upo."

"Anakuja kuona dirisha."

"Mimi naishi nalo, yeye anakuja kulitazama. Tap." Akaweka donge jingine, na ile tap akaisema kwa mdomo kwa sababu donge halikutoa sauti.

Nikaona nimshike kwa maneno yake. "Siku ya kwanza uliniambia unaipenda nyumba hii."

Mkono ukasimama. Uso wake ukaja kwenye nafasi iliyobaki, nao ulikuwa na matope mpaka kwenye nyusi.

"Naipenda! Ningekuwa siipendi, ndizi zimeshaiva, ningekuwa kwa mama nakula samaki. Ndiyo maana naziba." Akapangusa pua kwa mkono wa matope, ikawa mbaya zaidi. "Shemeji, uliuliza mianzi, ukauliza udongo, ukauliza ile kamba yako yenye jiwe. Mimi hukuniuliza hata siku moja. Mimi mwanga siukatai. Ungeniuliza ningekwambia, kata huku nyuma, upande wa migomba, ambako hapiti mkwe wa mtu. Nisongee ugali wangu naona mwiko."

Nilikuwa bado na brashi mkononi. Mwisho nikauliza swali ambalo mtu wa kazi yangu angepaswa kuliuliza kabla ya kukata hata mwanzi mmoja.

"Kimo gani?"

Akafikiri. "Nikiwa nimekaa."

Vijana, Bwana Fundi alikata madirisha yote kimo cha kifua cha mtu aliyesimama, maana Wazungu hufanya kazi wamesimama na kukaa kwenye viti virefu. Mimi nikalikata langu vivyo hivyo. Wanawake wetu waliketi chini karibu na jiko, na dirisha la kifua lingewaonyesha mbingu tu na kunguru. Tangu siku ile sijakata dirisha bila kumwomba mwenye nyumba akae kwanza pale anapokaa, nikamwekea alama mbele ya macho yake. Lile la nyuma kwa Tumpe nililikata wiki hiyo hiyo, dogo, kimo cha mtu aliyekaa, na wanawake wa kijiji kizima walikuja kukaa pale kwa zamu wanalijaribu, na kazi nilizopata baada ya hapo zilitoka kwao. Chifu alikuja kweli. Akauliza jicho liko wapi, akaambiwa limesinzia. Akanywa maziwa, akasifu mkanda mweusi, akaenda zake, na nyumba zake sikuzipamba.

Lakini siku ile ya tap bado kulikuwa na shimo juu, la ukubwa wa kichwa.

"Nipe udongo," Tumpe akasema, "huu wangu umekwisha."

Nikaweka brashi chini. Nikafinyanga donge, nikampa. La pili. La tatu niliona vidole vyake tu. La nne nililiweka mimi mwenyewe kutoka nje, nalo likafunga.

Na hapa niwafundishe kuziba kiraka kisionekane, maana wengi wenu mnaharibu hapa. Lowesha kingo za zamani kwanza, ama sivyo ukuta mkavu utanyonya maji ya udongo mpya na ufa utazunguka kama pete. Jaza, lakini usilete usawa na ukuta, bakiza unene wa kidole. Acha ulale mpaka kesho. Asubuhi utakuta umekauka nusu, kama ngozi inayoanikwa. Hapo ndipo paka tabaka la mwisho, na ukianza kushika chukua jiwe la mtoni lililo laini, lile wafinyanzi wanalong'arishia vyungu, usugue. Usisugue kiraka peke yake. Sugua kuanzia kwenye ukuta wa zamani, pita juu ya kiraka, utokee kwenye ukuta wa zamani upande wa pili, mpaka mkono wako wenyewe usahau kiraka kilianzia wapi.

Basi asubuhi iliyofuata nilikuwa nje na jiwe langu. Nasugua. Ndani nikasikia jiwe jingine. Tumpe alikuwa amepata lake na anasugua upande wake, palepale nilipo mimi, unene wa ukuta tu kati yetu. Nikienda kulia, namsikia anakwenda kulia. Nikisimama, anasimama, halafu nasikia kicheko. Gwakisa alikuwa ametoka alfajiri kwenda kwa wazee, wala hakuniambia anakwenda kusema nini.

"Kho! Kho-ho!"

Sekela akaingia ndani kwetu, wake wa majirani wakaingia kwao. Mimi nikabaki na jiwe langu. Nikangoja jiwe la ndani linyamaze. Halikunyamaza.

Taata akatoka kwenye migomba, polepole, macho chini, Gwakisa nyuma yake. Alipofika mbele ya nyumba akainua macho nusu. Akaona ukuta mzima. Akasikia mawe mawili na kuona mtu mmoja tu, mimi. Mzee hakuweza kusema na yule wa ndani, wala hakuweza kunituma kwake, heshima haikuruhusu. Akaenda mpaka kwa yule ng'ombe wake mwekundu, akamwekea mkono mgongoni baada ya siku zote zile, akamwambia kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia:

"Mama, umenona. Na wewe una masikio mazuri, hebu sikiliza. Nani anasugua vizuri hapa, wa ndani au wa nje? Mimi nasema wa ndani. Huyu wa nje mvivu."

Ndani ya ukuta Tumpe alicheka mpaka akakohoa, kisha jiwe lake likaanza kwenda mbio, nami ikabidi nikunje mikono ya shati nimfuate.